Zaidi ya "Chochote Tu": Mwongozo Kamili wa Kupona Majeraha ya Utotoni na Kuishi Maisha Yako Mwenyewe

Kwa miaka mingi nikiulizwa "Utakula nini?", jibu langu lilikuwa moja: chochote tu. Kwa mama lishe, harusini, hata nyumbani kwangu mwenyewe ambako pesa ya mboga natoa mimi. Watu walinisifu kwa upole. Siku moja mteja, mama mtu mzima aliyekuja kushonesha gauni, nikawa nampima huku namwambia ndiyo kwa kila alichotaka, hata siku ya kuchukua ambayo nilijua siiwezi. Akanitazama, akasema, "Wewe mwanangu umelelewa kwa watu, eeh?" Sikuwa nimemwambia neno. Nikabaki nimeshika futi begani kwake, namba sizioni.

Nilifiwa na mama nikiwa na miaka 7. Mjomba alinichukua Morogoro, nikakaa kwake hadi miaka 16. Mwenyewe alikuwa mtu wa safari. Aliyenilea ni mkaza mjomba. Katika nyumba ile mtoto wa kuja akisema anataka wali, siku hiyo hata ugali aliutazama tu. Nilijifunza upesi. "Chochote tu" ndiyo iliyonishibisha.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo: amekua, ana kazi, anaonekana mzima, lakini mtu akipandisha sauti chumba cha pili yeye anaanza kukusanya vyombo. Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, si daktari. Nilikaa na mnasihi mwaka mmoja na nusu, na daftari nimekaa nalo miaka 9. Ya wataalamu nitasema ni ya wataalamu. Mengine ni yangu, yapime kwanza kama unavyopima kitambaa kabla hujakata.

Kwanza, uko salama?

Kidonda hakitibiki huku mtu anaendelea kukitonesha. Kama aliyekuumiza bado anakupiga, anakuingilia, au unaishi kwake na unakula kwa hofu, kazi ya kwanza ni kupata pa kukaa, kupona kutafuata. Aliye chini ya miaka 18, au mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto fulani, apige 116. Namba hiyo ni ya bure Tanzania na Kenya pia. Mtu mzima kwa Tanzania aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa hospitali, au dawati la jinsia na watoto lililopo polisi.

Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, weka mwongozo huu pembeni. Nenda hospitali leo, tena usiende peke yako. Mazoezi ya hapa chini hufukua, na kufukua kunataka mtu aliyesimama imara kidogo.

Lipe jambo jina lake

Hapa ndipo wengi tunakwama miaka. Ukimwambia mtu wa rika langu kwamba ulipigwa ukiwa mdogo, atacheka: "Nani hakupigwa? Mbona tumekua?" Sawa, karibu wote tulipigwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Malaria nayo wote tumeugua, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo si ugonjwa.

Halafu tumechanganya adabu na kuumizwa kwa muda mrefu mno. Hata kanuni za viboko shuleni, ambazo kwa Tanzania bado zipo, zinasema visizidi vinne, tena atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Kenya walivipiga marufuku mashuleni mwaka 2001. Sasa jiulize viboko ulivyopigwa wewe vilikuwa vingapi, kwa kitu gani, na kwa kosa gani.

Lakini fimbo si jambo zima. Nimekaa na watu waliopigwa sana na wakapona vizuri, na wengine ambao hawakuguswa hata kofi lakini ndani wamevunjika. Mnasihi wangu alinieleza hivi: tukio lenyewe ni nusu ya jeraha, nusu ya pili ni mtoto kuachwa nalo peke yake. Mtoto aliyeumia akapata bibi wa kumkumbatia na kumwambia "pole, si kosa lako" anaondoka na maumivu. Asiyepata anaondoka na maumivu, na juu yake anabeba imani kwamba yeye ndiye mbaya. Kwa hiyo yapo majeraha ya kilichotendwa, na yapo ya kilichokosekana: hakuna aliyeuliza umekula, hakuna aliyekuja siku ya wazazi, hakuna aliyegundua kwamba kijana wa nyumba ya jirani alikuwa anakuita ndani.

Zoezi lenyewe ni sentensi moja. Andika: "Nilipokuwa na miaka fulani, fulani alinifanyia hivi, nikajiona hivi." Yangu ya kwanza ilikuwa: "Nilipokuwa na miaka 9, mkaza mjomba alinimwagia maji ya kuoshea vyombo nikiwa nimelala kwa sababu nilichelewa kuamka, nikajiona si mtu." Kisha nukta. Utasikia mkono unataka kuendelea, "lakini alinisomesha." Ni kweli alinisomesha. Hiyo "lakini" ina ukurasa wake, utaiandika kesho. Ukiiruhusu ikae kwenye mstari uleule, itaifuta sentensi yote, kama ilivyoifuta kwa miaka 30.

Sikiliza mwili, maana wenyewe hausahau

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wataalamu wa ubongo wamekuja kueleza utaratibu wake: ipo sehemu ndogo iitwayo amigdala ambayo kazi yake ni kupiga king'ora, na hupiga kabla ile sehemu ya kufikiri haijapata nafasi ya kuuliza kama ni nyoka au ni ung'ongo. King'ora kikilia, mwili huchagua njia moja. Upo mwili unaopigana: hasira juu, maneno makali, baadaye majuto. Upo unaokimbia: kazi bila kupumzika, simu, pombe, safari zisizoisha. Upo unaoganda: bosi anakusema, unamwona mdomo unacheza, husikii kitu. Na upo unaojipendekeza, ndio wangu, ambao huomba samahani kabla haijajulikana kosa ni la nani.

Chukua daftari la kawaida, lile la kurasa 96 linatosha kabisa, na kwa wiki mbili andika mambo manne tu kila unaposhtuka kupita kiasi: kilichotokea, mwili ulifanya nini, wewe ulifanya nini, na kinafanana na kipi cha zamani. La nne likikosa jibu liache wazi. Hivi ndivyo ulivyo mstari mmoja wa daftari langu la kwanza:

"Jumanne saa kumi jioni. Mwenye nyumba kagonga mlango, funguo zinalia mkononi. Tumbo likakaza, vidole baridi. Nikasema 'samahani baba' kabla hajafungua mdomo. Alileta bili ya maji. Funguo."

Neno hilo la mwisho liliniliza. Mkaza mjomba alitembea na bunda la funguo kiunoni, za stoo, za kabati, za friji. Ulisikia mlio kwanza, yeye baadaye. Miaka 20 na zaidi nilikuwa nadhani mimi ni mwoga wa watu wenye nyumba.

Usiharakishe kulitibu hilo unaloliona. Kazi ya wiki hizi mbili ni kuona tu.

Namna ya kutuliza king'ora

Hapa sitakaa sana, maana ni mambo ya kufanya, si ya kusimuliwa. Vua viatu, kanyaga sakafu ya baridi, sema kwa sauti uko wapi na leo tarehe ngapi. Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kugusa, vitatu unavyosikia. Toa pumzi polepole zaidi ya unavyoivuta: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, mara kumi. Osha uso na maji baridi. Kama kufumba macho na kupumua kunakuzidishia hofu, na wapo ambao huwazidishia, fumbua macho na utembee.

Fanya hayo kila siku ukiwa mzima. Ukingoja hadi siku ya mshtuko hutayakumbuka, kama mtu anayetafuta tochi umeme ukiwa umeshakatika.

Tafuta mtu wa kumwambia, na umchague kama unavyochagua wa kumkopesha

Siamini kwamba mtu hupona kwa daftari peke yake. Jeraha liliingia kupitia mtu, na sehemu kubwa hutoka kupitia mtu. Lakini kumwambia mtu asiyefaa ni kuumia mara ya pili, ndiyo maana hatua hii naiwekea maneno mengi.

Usianze na lile zito. Mpe jambo dogo la kweli, kwa mfano, "Mimi huwa siku za sikukuu zinanipa huzuni, sijui kwa nini." Kisha mtazame. Akikimbilia kusema "mshukuru Mungu, wenzako hawana hata cha kula," basi, mpe stori za mpira. Akikwambia "hata mimi, tena mimi yangu ilikuwa zaidi," naye bado. Wiki ikipita ukaisikia habari yako kwa mtu mwingine, umejua bei yake mapema na hujapoteza mtaji. Yule atakayenyamaza kidogo akasema "pole, ilikuwaje?" ndiye wa kumrudia.

Mwanzo unaweza kusema hivi: "Dada, nina jambo la zamani nataka kukuambia. Sitaki ushauri, nataka unisikilize tu, na naomba libaki hapa." Watu wetu ni wema, ila wamezoea kutatua. Usipowaambia kwamba unataka sikio, watakupa dawa.

Kuhusu viongozi wa dini: wapo mashehe na mapadri walionisaidia kuliko ndugu. Wapo pia watakaokuambia tatizo ni pepo, au kwamba hujasamehe. Dua na unasihi havigombani. Anayekuambia uchague kimoja, muage kwa heshima.

Mtaalamu je? Anzia hospitali ya wilaya, kitengo cha afya ya akili au ustawi wa jamii. Usione aibu kuuliza mapokezi. Kwa Dar es Salaam ipo Muhimbili, Dodoma ipo Mirembe, Unguja Kidongo Chekundu, Nairobi Mathari. Najua majina hayo yanawatisha watu, tumekua tukitaniana nayo. Wengi wanaoingia pale asubuhi wanarudi nyumbani mchana na kadi yao ya kliniki, kama wa sukari na presha.

Ukimpata mnasihi, muulize wazi: amesomea nini, amewahi kuhudumia watu walioumizwa utotoni, anatumia tiba gani, bei gani kwa kikao, na nani mwingine ataijua habari yako. Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 lilipendekeza tiba mbili kwa watu wazima wenye ugonjwa unaotokana na kiwewe, yaani mshtuko mzito unaobaki ndani: tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe chenyewe, na ile ya kufuatisha macho huku ukikumbuka tukio, inayoitwa EMDR. Akikwepa maswali, au akianza kukulaumu kikao cha kwanza, hujafungwa naye ndoa.

Nasikia ukisema hayo ni ya wazungu na ya wenye pesa. Basi chukua la kwetu. Moshi, na Bungoma kule Kenya, walifanya utafiti na watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo, waliofunzwa na kusimamiwa, wakikaa na watoto na walezi wao kwa vikundi. Matokeo yalitoka mwaka 2020: dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa waliopata huduma za kawaida, katika maeneo matatu kati ya manne (mjini na kijijini, kila nchi). Harare, Zimbabwe, nako, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza mabibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mfano wa benchi hilo umefika hadi Zanzibar. Nilipousoma nikacheka, maana baraza tunazo tangu zamani. Tulichokosa ni mtu wa kukaa pale anayejua kusikiliza bila kubeba maneno kwenda nyumba ya pili.

Andika, lakini kwa kipimo

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio la wanafunzi walioandika kuhusu jambo zito la maisha yao, dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na walivyohisi walikwenda zahanati mara chache zaidi miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, na hili ndilo watu husahau kuwaambia wenzao. Tafiti za baadaye zimekuta faida kubwa, ndogo, au hakuna, kwa hiyo usiifanye dini.

Ninavyofanya mimi: dakika 15 kwa kuangalia saa, si usiku wa manane, na baada yake niwe na kazi ya mikono. Huwa napinda pindo za nguo za shule. Karatasi ukiogopa itaonwa, ichane. Faida ipo kwenye kuandika, si kwenye kutunza.

Weka matanga

Sisi tunajua kuomboleza. Mtu akifa tunakaa chini, tunalia, tunapikiwa, siku zinahesabiwa, arobaini inafika. Kwa utoto uliokufa hakuna anayekuja na mkeka. Matokeo yake huzuni ile inatoka kwa milango ya ajabu: unamwonea wivu mwanao kwa viatu ulivyomnunulia mwenyewe, au unalia kwenye tangazo la sabuni.

Mnasihi aliniambia niorodheshe nilichokosa, kitu kimoja kimoja, bila kukikuza. Niliandika: kuitwa jina langu badala ya "we". Kuvaa nguo mpya Idd. Kuugua na kuruhusiwa kulala. Mtu wa kumwonyesha ripoti ya shule. Orodha ilifika 23. Nikaisoma kwa sauti mbele yake, na kila kimoja akasema "pole." Mara 23. Sikujua neno hilo fupi lina uzito gani.

Unaweza kuifanya na rafiki. Yule uliyempima.

Kuishi bila "chochote tu"

Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika mwaka 1960 juu ya nafsi ya kweli na nafsi ya bandia. Alivyoona, mtoto asiyepata nafasi ya kuwa alivyo hujenga nafsi ya kuwaridhisha wakubwa, na ile ya kweli inajificha nyuma yake. Mimi sipendi sana neno bandia. Ile nafsi ilinilisha, ilinisomesha, ilinipa wateja. Haikunidanganya, ilinificha. Inastahili asante kabla ya kuambiwa ipumzike.

Na tuelewane: kuishi kwa ukweli siyo kumwaga kila kitu mdomoni. Siku hizi nawasikia vijana wakisema "mimi niko wazi, siigizi," kumbe wamekosa adabu tu. Shikamoo haijawahi kuniondolea utu wangu. Kilichoniondolea utu ni kutojua ninataka wali au ugali.

Kwa hiyo anza na chakula. Sifanyi mzaha. Wiki nzima, kila unapoulizwa unachotaka, ni marufuku kusema "chochote", "yoyote" na "sawa tu". Taja kitu. Hata ukikosea, utagundua hukukipenda, nayo ni habari. Mara ya kwanza niliposema kwa mama lishe "chapati mbili na maharage, supu sitaki," moyo ulinidunda kana kwamba nimeiba. Yeye akaandika, akaenda zake.

Wiki ya pili, muda. Mtu akikuomba jambo, usijibu papo hapo. Sema, "Ngoja niangalie, nitakujibu kesho." Mtu aliyezoea kujipendekeza hana "hapana" karibu; akiharakishwa atatoa "ndiyo". Siku moja tu inatosha kuitafuta ile "hapana" ilikowekwa.

Wiki ya tatu, "hapana" yenyewe, kwa mtu asiye na nguvu juu yako: mwuza nyanya, jirani anayeazima pasi. Fupi, kwa heshima, bila maelezo marefu. "Hapana, leo sitaweza." Maelezo ni ombi la msamaha lililovaa koti. Ukitoa sababu tatu, mtu atazijibu zote tatu.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye makubwa, kazi, ndoa, imani, mahali pa kuishi. Nimeona waliofanya kinyume: kavunja ndoa wiki aliyoanza unasihi, kaacha kazi mwezi wa pili. Huenda kweli ndoa ilikuwa mbaya. Lakini mtu asiyejua bado anapenda chai gani, ajue vipi anapenda nani? Mshono uliokosewa hauchanwi kwa nguvu. Unafumuliwa kwa wembe, uzi mmoja mmoja, ukitaka kitambaa kibaki.

Wengine watakuchukia, na nakuambia mapema. Waliokuzoea kama mkeka watasema umebadilika, umeanza maringo, hela imekupanda kichwani. Nimepoteza marafiki wawili na wateja kadhaa waliozoea kulipa "mwisho wa mwezi" usiojulikana ni wa mwaka gani.

Kama una watoto

Nilimpiga mwanangu wa kwanza kwa ufagio, akiwa na miaka 5, kwa kumwaga uji. Ufagio ulipokuwa hewani nilisikia sauti ya mkaza mjomba ikitoka kinywani mwangu, neno kwa neno. Hiyo ndiyo siku niliyokwenda hospitali kuuliza mnasihi.

Ukikosea, rudi umwambie: "Mama alikosea kukupiga. Uji kumwagika si kosa la kupigwa. Nitajitahidi." Nilidhani nitapoteza heshima. Alinitazama, akasema "haya," akaenda kucheza. Usiku alikuja kulala karibu yangu. Utafiti wa madaktari wawili, Felitti na Anda, uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ndio uliowashtua madaktari, kwamba kadiri mtu alivyopitia mambo mengi mabaya utotoni, ndivyo magonjwa ya ukubwani, hata ya moyo, yalivyokuwa mengi. Huo ni uwezekano kwa watu wengi wakijumlishwa, hausomi kiganja cha mtu mmoja. Mtoto anayeombwa msamaha leo tayari yuko kwenye hesabu tofauti na yako.

Waliokuumiza, na habari ya kusamehe

Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Watu huanza nayo, tena hulazimishwa kuanza nayo. Kikao cha familia kinaitwa, wazee wanakaa, "yameisha, mpeni mkono shangazi yenu," soda zinafunguliwa. Aliyeumia anatoka pale na jeraha lilelile na amri mpya ya kutolitaja. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kusamehe kukija, kuje kama usingizi, hakuitwi kwa fimbo. Na kusamehe si kurudi kulala nyumba ile, wala kumwachia huyo mtu watoto wako, hasa kama lililotendeka ni la kingono. Hapo sina mjadala na damu nzito kuliko maji.

Je, umkabili aliyekuumiza? Jiulize ungependa akujibu nini. Kama unahitaji akiri ndipo upone, usiende, umempa yeye ufunguo wa stoo kwa mara nyingine. Kama utatosheka kwa kuwa tu umesema, na una mtu wa kukupokea ukirudi, waweza kwenda. Mimi nilimpigia mjomba. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Biashara?"

"Sijambo, mjomba. Nina neno. Nilipokuwa kwako nilikuwa napigwa na nalala njaa, na nadhani ulijua. Sitafuti ugomvi. Nilitaka niseme."

Kimya. Nikasikia redio upande wake. Kisha akasema, "Mama yako alikuwa mtu mwema sana," na salio likaisha, au alikata. Sikupiga tena kuuliza.

Mwaka jana mkaza mjomba aliumwa figo. Kwenye kundi la familia zikapita jumbe za mchango, na binamu akaniandikia pembeni kwamba mgonjwa ananiulizia, niende nimwone. Nilijibu kwamba nitamjibu kesho. Kesho yake nikatuma elfu 50 za dawa, na ya kutolea. Sikwenda.